Gitaa la Dukani

"Gitaa la dukani humlilia mwenye duka." Mmenisikia nikimwambia hivyo shangazi yenu alipokuwa akimsifu mchumba ambaye yeye mwenyewe ndiye aliyemleta, mkacheka, kisha mkaniuliza gitaa na uchumba ni wapi na wapi. Kaeni basi niwaeleze. Neno hili si la kale sana. Lilianzia Korogwe, kwa watu waliokuwa wakikata mkonge mchana na kupiga muziki siku za mapumziko. Lilianza hivi.

Palikuwa na bendi ndogo iliyoitwa Sauti ya Lwengera. Mpiga gitaa wake la solo aliitwa Hiza. Vidole vyake vilijaa makovu ya miiba ya mkonge, lakini akishika nyuzi hungedhani ni vidole vile vile. Sifa yake ya pili haikuwa nzuri. Hiza alikuwa hamwamini mtu. Ukimkaribisha chai, alingoja unywe wewe kwanza.

Hakuzaliwa hivyo. Miaka miwili nyuma, kiongozi wa bendi alikusanya magitaa mawili na amplifaya ya kukuzia sauti, akasema anavipeleka Dar es Salaam kwa fundi. Hiza ndiye aliyeibeba ile amplifaya begani mpaka kwenye basi. Alipouliza fundi huyo ni nani, kiongozi alimpiga piga mgongoni akamwambia, "Niamini tu, mdogo wangu." Basi likaondoka, na mpaka leo halijarudi na mtu huyo.

Kilichobaki ni gitaa la besi la mwenzao Kaniki, kwa kuwa Kaniki alikuwa na desturi ya kurudi nalo nyumbani. Wengine walisema ni bahati. Hiza yeye alijiuliza mara nyingi: kwa nini la Kaniki peke yake lilisalimika?

Sasa ikatokea kwamba meneja wa shamba la mkonge, Bwana Kiondo, alijenga klabu ya wafanyakazi. Alitaka bendi ya kudumu. Watakaochaguliwa wataacha panga la mkonge, watalipwa kwa kupiga muziki tu. Lakini alikuwa na sharti.

"Sitaki bendi ya mlio mmoja," aliwaambia. "Jumamosi jioni vijana wanataka dansi. Akina mama wanataka taarabu. Jumapili asubuhi klabu inageuka kanisa. Nami namwoza binti yangu mwezi ujao. Mje mpige siku hiyo, nitawasikiliza."

Ndipo wakachanga. Hiza aliuza baiskeli yake. Bi Mwantumu, mwimbaji wao, aliuza cherehani iliyokuwa ikimlishia watoto. Wote walielewa kwamba mchango ule ungetosha gitaa moja na amplifaya moja, basi. Kwa hiyo gitaa hilo lilipaswa kuwa kama mtu anayejua lugha nyingi: lilie kwa ukali kwenye dansi, lilainike kwenye taarabu, lijae na kutulia kwenye nyimbo za dini. Na amplifaya iwe na kifua cha kupigia uwanjani, si sebuleni.

Mchango ulipotimia, harusi ilikuwa kesho yake; wakawatuma Hiza na Kaniki waende Tanga kwa garimoshi la asubuhi. Njia nzima Hiza alikaa amekumbatia mfuko, na kila Kaniki alipomsemesha alijibu neno moja.

Mwenye duka la vyombo vya muziki aliitwa Bwana Badi. Ujanani alikuwa mpiga gitaa wa kutajika, na vidole vyake vilikuwa bado havijazeeka. Aliwapokea kwa bashasha. Kwa Kaniki bashasha ilizidi, akamwita "mwanangu". Hiza akaliona hilo, akaliweka moyoni.

Ukutani palikuwa na magitaa mawili ya umeme. Moja lilikuwa jekundu, linang'aa kama nyanya iliyooshwa. La pili lilikuwa la kahawia, rangi imechubuka pale mkono unapoegemea. Bwana Badi alilitungua jekundu, akachomeka waya kwenye amplifaya ndogo ya kupendeza, akaketi, akapiga.

Duka likanyamaza. Mpita njia alisimama mlangoni na kapu lake. Gitaa lililia kwa utamu, likabembeleza, likacheka. Hiza alihisi nywele za mikono zikimsimama. Hata hivyo, jicho lake halikulala. Aliona kwamba mkono wa kushoto wa Bwana Badi ulikuwa ukichezea huku juu, karibu na kichwa cha gitaa, wala haukushuka kwenye sauti nyembamba. Aliona pia kwamba ile swichi ya kubadili sauti haikuguswa hata mara moja.

"Nipe nijaribu," akasema.

"Tafadhali!" Bwana Badi alimkabidhi, na papo hapo akapunguza sauti ya amplifaya. "Ila taratibu, ndugu yangu. Jirani yangu ana mgonjwa."

Hiza akaanza kupiga. Gitaa likaitika vizuri. Alikuwa karibu kuteremsha mkono kule ambako muuzaji hakufika, alipoinua macho akaona kwenye kioo cha kabati kitu kilichomkata pumzi. Kule nyuma, penye pazia la stoo, Bwana Badi alikuwa amemshika Kaniki bega na kumnong'oneza. Kaniki alitikisa kichwa. Bwana Badi akanong'ona tena, akamsogezea kitu mkononi.

Hiza akaacha kupiga.

Kaniki akarudi, uso umembadilika. "Hiza, tuliache hili jekundu," akasema kwa sauti ya chini. "Lile la kahawia nimelikagua, ni zima. Tuchukue lile, na ile amplifaya kubwa iliyo chini ya meza."

"Kwa nini?"

Kaniki alimtupia jicho mwenye duka. "Nitakueleza nje."

"Nieleze hapa hapa."

"Hapa siwezi. Niamini tu, Hiza."

Maneno yale matatu yalimwingia Hiza kama mwiba wa mkonge chini ya ukucha. Alimwona tena yule kiongozi wao, mlango wa basi, amplifaya ikipandishwa. Akajiambia: kumbe! Wameshapatana. Wanataka kunitwisha lile kuukuu kwa bei ya jipya, kisha wagawane. Tangu hapo hakulitazama gitaa tena. Aliyatazama macho ya Kaniki tu, na kila alichokiona humo kilikuwa ushahidi.

"Tunachukua jekundu," akasema. "Na amplifaya yake."

 Bwana Badi alilifunga gitaa kwenye karatasi mwenyewe.

Kesho yake ikawa harusi, hata mazoezi hawakuwahi kufanya. Uwanja wa shamba ulifurika watu. Sauti ya Lwengera walianza na taarabu, wakapiga taratibu, mambo yakaenda. Bi Mwantumu aliimba mpaka mama mmoja akavua kitenge na kukipeperusha. Bwana Kiondo alikuwa ameketi mbele, anatikisa mguu.

Kisha vijana wakadai dansi. Hiza akaongeza sauti, akateremsha mkono kule kwenye sauti nyembamba ambako solo la dansi huishi. Sauti iliyotoka haikuwa ile aliyoikusudia. Ilikuwa imepotoka, kama mtu anayeimba pembeni ya wimbo. Akajaribu mahali pengine, pabaya zaidi. Shingo ya gitaa lile ilikuwa imepinda. Akageuza swichi apate sauti nyingine, gitaa likawa bubu. Akairudisha, akaongeza nguvu ya amplifaya ili walau asikike, nayo ikaanza kukoroma, ikapasuka sauti kama bati linaloburutwa barabarani, ikazimika.

Wachezaji walisimama katikati ya uwanja, mikono ikiwa bado hewani. Mtu mmoja akacheka, kisha wengi wakacheka.

Bwana Kiondo hakucheka. Alikuja polepole mpaka jukwaani. "Jumamosi ijayo nafungua klabu," alisema. "Kuna bendi inatoka Handeni. Mkiweza kupiga kabla yao, njooni. Mkija na hiki, msije."

Hiza alimgeukia Kaniki. "Ulijua!"

"Nilijua," akajibu Kaniki. "Na nilikwambia."

"Hukuniambia! Uliniambia nikuamini! Mlikuwa mnanong'onezana nini na yule mzee? Alikupa nini?"

Bi Mwantumu akaja akasimama kati yao. Kaniki alikaa kwenye ukingo wa jukwaa.

"Bwana Badi ndiye aliyenifundisha besi, nikiwa sina hata kandambili," alisema. "Nilipochungulia shingo ya lile gitaa nikaona imepinda. Nikamwambia. Akaniomba nisimwaibishe dukani kwake mbele ya watu, akanipa nyuzi mpya za besi ninyamaze. Nyuzi nilizikataa. Kumwaibisha mwalimu wangu nilishindwa. Nikadhani nikikwambia tuchukue lile jingine, utanisikia. Hilo ni kosa langu, nilipaswa kusema wazi. La kwako unalijua mwenyewe."

Hiza aliliinamia lile gitaa jekundu. Alikuwa amechunguza watu wote mle dukani, akasahau kulichunguza gitaa.

Jumatatu Hiza na Kaniki walirudi Tanga, safari hii pamoja na Bi Mwantumu. Dukani palikuwa na wateja kadhaa, miongoni mwao mwalimu wa kwaya kutoka Muheza, Mwalimu Eliakimu, aliyefuata nyuzi. Bwana Badi aliposikia malalamiko hakukasirika. Alilipokea gitaa jekundu kwa upole, akalifuta vumbi, akachomeka waya kwenye amplifaya nyingine, akapiga.

Likalia kama siku ile ile. Wateja wakaguna kwa raha.

"Jamani, mmesikia wenyewe," akasema Bwana Badi. "Gitaa hili lina kosa gani? Labda mikono ya watu wa mashambani ni mizito."

 Hapo Bi Mwantumu akasogea mpaka mbele ya meza.

"Baba, hatukatai kwamba linalia," alisema. "Lakini gitaa la dukani humlilia mwenye duka. Sisi tulilipeleka kwetu, mbele za watu, na huko lilitukataa."

Bwana Badi akatabasamu, ila vidole vilisimama. Hiza akaona, na safari hii hakupoteza muda kumtazama usoni.

"Tusibishane," akasema. "Mimi nikipiga utasema mkono wangu mzito. Wewe ukipiga tutasema unajua kulificha. Apige mtu asiyekuwa na lake. Mwalimu, tafadhali."

"Mimi?" Mwalimu Eliakimu akashangaa. "Mimi si mpigaji mkubwa. Najua nyimbo za kanisani tu."

"Hizo hizo zinatosha."

"Hakuna haja ya kumsumbua mwalimu," akasema Bwana Badi haraka.

"Haja ninayo mimi," akajibu Bi Mwantumu.

Mwalimu akapokea gitaa. Alianza wimbo wa kawaida, mzuri. Kiitikio kilipopanda, mkono wake ukashuka kwenye sauti nyembamba, na hapo uso wake ukakunjamana mwenyewe. Akarudia. Watu wakatazamana. Akageuza swichi, kimya. Akaigeuza tena, kimya.

"Bwana Badi," akasema taratibu, "na mimi mwezi uliopita ulinipigia gitaa hili hili. Pamoja na nyuzi, leo nilikuja kukuambia kwaya yangu italichukua."

 Mzee wa watu aliinamisha kichwa. Kaniki ndiye aliyemwendea, akamwambia kwa sauti ya mtoto kwa mzazi, "Mwalimu wangu, mpe Hiza lile la kahawia. Na ile amplifaya kubwa. Yaishe."

Bwana Badi akalitungua. Lakini Hiza hakulifunga kwenye karatasi. Alilitoa nje, barazani, penye kelele za mikokoteni na wauza madafu. Alitazama shingo kuanzia mwisho hadi mwisho kama seremala atazamavyo ubao. Akaweka amplifaya sauti aliyokusudia kuitumia uwanjani. Akapiga dansi mpaka chini kabisa kwenye sauti nyembamba. Akageuza swichi, akapiga taarabu. Akageuza tena, akapiga ule wimbo wa mwalimu. Kisha akampa Kaniki naye apige, halafu akampa Mwalimu Eliakimu. Gitaa lile lililochubuka liliwaitikia wote watatu.

Amplifaya ilikuwa nzito, ikabidi ishikwe na watu wawili. Hiza alishika upande mmoja, Kaniki upande wa pili, wakaenda nayo stesheni wakipumzika kila hatua hamsini. Kwenye pumziko la tatu Hiza akasema, bila kumtazama mwenzake, "Kaniki, mtu aliyetuibia alikuwa mmoja. Mimi nimekuadhibu wewe miaka miwili."

"Inua," Kaniki akamjibu. "Garimoshi halitungoji."

Jumamosi Sauti ya Lwengera walipiga kabla ya bendi ya Handeni. Walipiga dansi, wakapiga taarabu, na Bwana Kiondo alipowaomba wimbo wa dini kwa kuwajaribu, wakaupiga mpaka mpishi akatoka jikoni na mwiko mkononi. Siku ya Jumatatu Hiza hakwenda kukata mkonge.

Mwalimu Eliakimu alikwenda Muheza na lile neno la Bi Mwantumu, akawa analisema kila mtu anaposifiwa kitu na anayekiuza. Wachuuzi walilisikia, wakalichukia, na kwa kulichukia wakalieneza. Likapanda milima, likashuka pwani, likaingia kwenye nyumba ambazo hazijawahi kuona gitaa. Hukatazwi kumsikiliza anayesifu chake, wala huagizwi kumshuku kila anayenong'ona. Unaambiwa ukishike kitu kwa mkono wako, ukipeleke pale utakapokitumia, ukisikie huko. Kwa maana gitaa la dukani humlilia mwenye duka.