Pimbi na Mfumo wa Korongo

Paukwa!

Pakawa!

Wa nyuma sijawasikia. Paukwa!

Pakawa!

Haya. Hapo kale, wanyama walipokuwa na maduka yao, Pimbi alikuwa na duka la dawa kule penye majabali. Duka dogo, yeye na mkewe tu. Dawa zilikaa ndani ya vibuyu, na kila kibuyu kilikuwa na alama yake.

Pimbi akasikia kwamba kampuni ya Tembo inatumia mfumo wa kompyuta. Unabonyeza, unaambiwa dawa iko wapi. Naye akautaka. Akaja Korongo, mtaalamu wa mfumo huo. Akafuta alama zote za vibuyu, akaandika namba. Kisha akafundisha. Mdomo wake ukabonyeza ti! ti! ti! Hapa unafungua, hapa unatafuta, hapa unafunga. Pimbi aliuona mdomo tu. Mkewe alikuwa jikoni, hakuitwa.

"Umeelewa?" Korongo akauliza.

Pimbi akaona haya. "Nimeelewa, mwalimu."

Korongo akaruka, puru! Akaenda zake kusini.

Hata siku moja Paa akaja mbio, amembeba mwanawe. Mtoto ameumwa na nge, mguu umevimba, anatetemeka. Pimbi akabonyeza. Ti! Mfumo ukasema: rudia. Akabonyeza. Ti! Rudia. Mtoto akaacha kulia, na kimya kile kikamtisha Pimbi kuliko kilio.

"Mama, mfumo huu mimi siujui," akamwambia Paa.

Akaenda kwenye vibuyu. Akafungua kimoja, akanusa. Siyo. Akafungua kingine, akanusa. Siyo. Mkewe akaja, akanusa upande wa pili. Waliipata dawa jua limeshapinda. Mtoto alipona, lakini tangu siku ile akawa anachechemea. Paa hakuwalaumu. Pimbi alitamani angelaumiwa.

Korongo aliporudi, Pimbi akamwomba akunje mabawa, akae, asiguse kitu. Akamwita mkewe. Wakabonyeza wenyewe, Korongo akieleza kwa maneno. Alipowauliza kama wameelewa, Pimbi akajibu, "Bado."

Korongo alikuwa amefundisha maduka mengi, na jibu hilo hakuwahi kulipata. Akaanza upya. Wakakosea, wakarudia, mpaka wakaweza. Nao wakamnusisha dawa moja moja, wakamweleza jina na kazi ya kila moja, maana yeye alizijua kwa namba tu. Akayaingiza majina ya dawa zote kwenye mfumo.

Kutoka hapo akaenda dukani kwa Nguchiro. Akafundisha. Nguchiro akasema ameelewa vizuri sana. Korongo akakunja mabawa, akaketi.

"Nionyeshe," akasema.

Nguchiro akaomba kwanza anywe maji.

Basi, wanangu na wakubwa zangu: anayefundishwa asione haya kusema hajaelewa, na anayefundisha asiondoke kabla hajamwona mwenzake akifanya mwenyewe.

Hadithi yangu inakomea hapo. Ambaye hajaelewa, na aulize.