Wasifu wa Nakiete

Mwalimu mmoja alikuwa na wanafunzi arobaini na mtumishi mmoja asiyechoka. Jina lake Mbonea, na alifundisha historia na fasihi katika chuo cha ualimu, mbali na milima alikozaliwa. Mtumishi wake alikaa ndani ya simu. Ndiye huyo watu wanayemwita akili mnemba. Alimwandalia masomo, akamfupishia vitabu, akamsahihishia insha. Wanafunzi nao walikuwa na mtumishi huyohuyo, wakimwandikisha insha zenyewe. Basi mtumishi akaandika, mtumishi akasahihisha, na kila mtu akafaulu. Mbonea aliona mambo yanakwenda vizuri, na kusema kweli yalikuwa yanakwenda, ila hapakuwa na mtu ndani yake.

Kisha mama yake, Nakiete, akafariki. Kwao jeneza halishuki kaburini kabla wasifu wa marehemu haujasomwa, na kazi hiyo ilimwangukia yeye, msomi wa ukoo. Akiwa njiani kwenda msibani akamwagiza mtumishi auandike. Mtumishi akauliza kwanza mambo matatu: mama huyu alichekeshwa na nini, aliogopa nini, na alifanya jambo gani ambalo wengi hawalijui? Mbonea akaona anacheleweshwa. Akaandika, "Endelea tu." Mtumishi ni mtiifu, akaendelea.

Wasifu ulikuwa mzuri mno. Marehemu alikuwa mcha Mungu, mchapakazi, mpenda watu, nguzo ya familia. Waombolezaji walitikisa vichwa kwa adabu. Mbonea akakunja karatasi, moyo umetulia, akijua ametimiza wajibu wake. Ndipo Bibi Nakijwa, aliyefinyanga vyungu pamoja na marehemu kwa miaka thelathini, akamsogelea na kumwambia kwa upole:

"Mwanangu, umesoma vizuri. Ila huyo uliyemsoma simfahamu. Mimi nilikuja kumzika Nakiete."

Maneno yale yalimchoma. Mbonea akafungua simu, akayakuta yale maswali matatu palepale alipoyaacha. Aliyasoma polepole. Hakuwa na jibu hata moja, yeye aliyenyonya kwa mama huyo na kuwafundisha watoto wa watu maisha ya wafalme. Aliona aibu, akalia.

Zilibaki siku tatu kabla ya kuanua tanga, na baada ya hapo waliomjua Nakiete wangetawanyika. Mbonea akachukua daftari, akaenda kukaa jikoni na kina mama, kwenye moshi, akauliza. Akaambiwa kwamba mama yake aliogopa radi hadi kujificha chini ya kitanda, mtu mzima yule. Akaambiwa alivyocheka kila chungu kilipopasuka tanuruni, hata kama kilikuwa cha mteja. Mwisho Bibi Nakijwa akamwambia kwamba Nakiete aliachishwa shule darasa la pili, na alijifunza kusoma ukubwani kutoka kwenye madaftari ya Mbonea, yale aliyoyatupa kila mwaka ulipokwisha. Alinakili ukurasa kwa ukurasa, pamoja na makosa yote ya mwanawe, maana hakuwa na wa kumwonyesha kwamba ni makosa.

Siku ya kuanua tanga Mbonea alisimama tena. Yale matatu alimpa mtumishi, naye akayapanga vizuri, kwa kuwa sasa palikuwa na cha kupanga. Watu walicheka, kisha wakalia. Bibi Nakijwa alijifuta macho kwa pindo la kanga.

Mbonea akarudi chuoni. Hakumfukuza mtumishi. Ila tangu siku hiyo haipokei insha mpaka mwanafunzi akae mbele yake na kujibu, kwa kinywa chake mwenyewe, yale ambayo mtumishi angemuuliza. Na darasa limekuwa na kelele kidogo, na waliofeli wapo.

Nawe uliye na mtumishi wa namna hiyo mfukoni: akikuuliza leo habari za mtu unayedai kumjua, utamjibu nini kabla ya kumwambia aendelee?