Jani Lisilovuka Njia

Paukwa!

Pakawa!

Mmeitika kama wagonjwa. Paukwa!

Pakawa!

Haya, afadhali. Hapo zamani za kale, kabla sijazaliwa mimi na kabla hamjazaliwa nyinyi mnaopenda kukatiza watu maneno, palikuwa na kijiji cha mawe. Ukichimba, mawe. Ukifagia, mawe. Makonde ya watu yalikuwa mbali, bondeni, na uani kwao hapakuota kitu mpaka mtu abebe udongo kichwani aulete.

Katika kijiji hicho aliishi Bibi Mize, mkunga. Nusu ya kijiji ilipita mikononi mwake. Ndiye ninayemsimulia, ingawa atachelewa kuingia. Wazee huchelewa. Tulieni.

Aliishi pia Vuai. Kazi yake ilikuwa kushindilia sakafu za udongo. Alikuwa na gogo zito lenye mpini, analiinua, analishusha. Pu! Pu! Pu! Sakafu ya Vuai ukiimwagia maji hayazami. Hakuwa na baba, hakuwa na mama, hakuwa na ndugu. Alikuwa na mke wake, Mashavu, na Mashavu alikuwa na mimba ya miezi sita, mimba yao ya kwanza.

Sasa sikilizeni desturi ya watu wale. Mwanamke aliyejifungua hali jani lililovuka njia. Mboga yake sharti iote uani kwake, na kwa mtoto wa kwanza sharti ipandwe na mume, kwa mkono wake mwenyewe. Siku ya kujifungua ikifika na mboga hakuna, mama mkwe anakuja na punda, anamchukua binti yake na kichanga chake. Wanakaa kwake siku arubaini, na mtoto anapewa jina huko huko, jina la huko.

Vuai hakutaka hata kulisikia hilo. Kwao walikuwa wamekwisha wote, amebaki yeye. Alitaka jina moja tu la kwao lirudi duniani.

"Nitapanda mchicha," akamwambia mkewe.

"Umewahi kupanda?"

"Sijawahi. Lakini si udongo tu? Udongo naujua."

Ehee! Hapo ndipo.

Akalaza vigogo vya mgomba pande nne. Akaleta udongo wa bondeni, kikapu juu ya kikapu, akamwaga, akamwaga, mpaka tuta likamfika magotini. Akatia mbegu, akafukia. Kisha akafanya alivyozoea, akachukua gogo lake. Pu! Pu! Pu! Tuta likang'aa. Kila jioni akitoka kwenye sakafu za watu analipitia tena. Pu! Pu! Pu! Siku saba zikapita. Hapakuota kitu.

Jirani wa kwanza akachungulia. "Vuai, maji hayatoshi. Mwagia."

Akamwagia. Chwaa! Chwaa! Maji yakasimama juu, yakateremka pembeni, yakaenda zao kwa kuku. Pu! Pu! Pu! Hapakuota kitu.

Jirani wa pili akaja. "Maji mengi hayo! Mbegu zimeoza. Tia majivu."

Akatia majivu. Pu! Pu! Pu! Hapakuota kitu.

"Nani kakwambia majivu?" akasema wa tatu. "Yameunguza. Hapo panataka mavi ya mbuzi."

Akatia mavi ya mbuzi. Pu! Pu! Pu! Wa nne akapita, akatazama jua, akatazama tuta, akatikisa kichwa. "Funika makuti, bwana." Akafunika makuti, na jioni akayaondoa ili apate pa kupiga. Pu! Pu! Pu! Hapakuota kitu.

Wewe hapo unanitazama, unataka kuuliza: hawakulisikia lile gogo? Walilisikia. Walilisikia tangu Vuai kijana, asubuhi na jioni, hata masikio yao yakaacha kulijali. Wewe unausikia moyo wako unavyodunda? Basi nyamaza.

Vuai akachanganyikiwa. Asubuhi anamwaga maji, adhuhuri anayachota kwa kata. Anatia majivu, anayazoa. Anainua makuti, anayalaza, anayainua, mwisho anasimama na kuti mkononi hajui alikuwa anafunika au anafunua. Mbegu alitia mara ya pili, akatia mara ya tatu. Siku moja aliitwa akashindilie nyumba ya mtu, akashindilia ya jirani yake. Na muda haukumngojea. Ulibaki mwezi mmoja.

"Mashavu, mimi nina mkosi?"

"Huna mkosi, mume wangu. Una watu wengi uani."

Ndipo Bibi Mize anaingia. Hodi! Karibu! Alikuja kumpapasa Mashavu tumbo. Mikono ikiwa juu ya tumbo, akasikia: pu! pu! pu! Mikono ikasimama.

"Nani huyo ananipigia ngoma?"

"Mume wangu, bibi. Anapanda mchicha."

"Anapanda?"

Akatoka uani. Akatazama tuta, akamtazama Vuai.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mjukuu wangu. Niazime gogo lako."

"La nini, bibi?"

"Nina kazi nalo."

"Mpaka lini?"

"Mpaka nikurudishie."

Akalitia begani, ajuza aliyekonda, akaondoka akiyumba huku, akiyumba kule. Kijiji kizima kikatoka kutazama. Mmoja akasema bibi anajenga. Mwingine akasema bibi akili zimemruka. Bibi Mize akafika kwake, akaliingiza uvunguni, akakaa kumenya mihogo.

Wenye sakafu wakamjia Vuai. "Mbona huji?"

"Gogo liko kwa Bibi Mize."

"Analifanyia nini?"

"Sijui."

Hana kazi, hana gogo, mikono inamwasha. Akachukua jembe, akalipasua lile tuta gumu, akapanda mara ya nne, akafukia kwa vidole. Jioni mikono ikatafuta gogo, haikulipata. Akaingia ndani akalala.

Bibi Mize alipokuja tena, Mashavu akamwuliza taratibu. "Bibi, kama umeona kosa lake, mbona hukumwambia?"

"Nimwambie? Ana maneno ya watu wanne kichwani. La tano litakaa wapi?"

Siku ya tano Vuai akaona kitu kidogo kwenye tuta, kijani kichwani, chekundu shingoni. Akakiogopa. Kesho yake vikawa vingi. Majirani wakajaa uani. "Maji yangu!" "Majivu yangu!" "Mbuzi wangu!" "Makuti yangu!" Nusura wakamatane mashati. Wakamgeukia Vuai awaamue, naye akainama kuhesabu miche.

Mchicha ulipofika shibiri moja na nusu, Mashavu akajifungua mtoto wa kike. Bibi Mize akampokea. Na mchana huo huo mama mkwe akafika na punda, na mkeka umefungwa juu ya punda.

"Mboga iko wapi?"

Vuai akamwonyesha. Mama mkwe hakuamini. Alisikia miezi miwili kwamba pale hapaoti. Alidhani yule mtu amekwenda bondeni akaleta miche, akaichomeka. Akainama, akashika mche mmoja, akaung'oa. Mzizi ukatoka mrefu, mweupe, umekumbatia udongo.

"Umeota hapa hapa," akasema. "Umefanyaje, mkwe wangu?"

"Sijui, mama."

"Hujui?"

"Wallahi sijui. Nilifanya yote niliyoambiwa, haukuota. Nikanyang'anywa gogo, ukaota."

Mama mkwe akamtazama Bibi Mize. Bibi Mize alikuwa anatazama kuku.

Mama mkwe akachuma mwenyewe, akaunga kwa tui, akamlisha binti yake mpaka akashiba. Kisha akatoka kwenda kwa punda, akaanza kufungua mkeka. Vuai akaona giza. Akadhani anautandika juu ya punda, mkewe apandishwe aondoke. Akakaa chini pale pale uani, akalia bila kuona haya.

Mama mkwe akampita na mkeka wake, akaingia nao ndani, akautandika kando ya kitanda cha Mashavu.

"Siku arubaini nitalala hapa," akasema. "Na wewe inuka, uje umpe mwanao jina."

Nimeisikia hadithi hii kwa watu watatu. Mmoja husema Bibi Mize alijua tangu mwanzo. Mwingine husema kelele tu zilimchosha. Wa tatu husema ni majivu. Mimi nawaambia hivi: mtu akijazwa maneno usimwongezee neno, mpunguzie kitu mkononi.

Hadithi yangu imefika hapo, na hapo ndipo ilipoishia. Atakayeniuliza jina la yule mtoto akamwulize Vuai.