Jinsi Pimbi Alivyoipata Idara ya Amani

Hapo zamani za kale, enzi ambazo wanyama walijenga nyumba, wakapika na kugombana na majirani kama sisi, Mfalme Simba alikuwa na idara nyingi. Kubwa kuliko zote ilikuwa Idara ya Vita, na mkuu wake alikuwa Nyati. Idara ya Amani haikuwapo.

Basi, wanangu, Tembo na Kifaru walikuwa wakigombania bwawa. Kila wakikutana, pu! pu! vifua vinagongana, miti inalala chini, na nyumba za wanyama wadogo zinasagika. Siku moja ukuta ukamwangukia mtoto wa Bi Pimbi, mguu ukavunjika. Pimbi alimfunga gango, akajitanda kanga, akaenda moja kwa moja barazani kwa mfalme.

"Mtukufu, tuna idara ya kupigana," alisema. "Ya kupatanisha iko wapi?"

Nyati akacheka mpaka akakohoa. "Amani huletwa na pembe, bibi. Kesho nakwenda na askari wangu kuwatandika wote wawili."

"Na sisi tunaokaa pale, mtatukanyaga tena?"

Simba akajikuna shingo, akafikiri. "Nenda wewe kwanza, Bi Pimbi. Ukiwapatanisha bila pembe wala fimbo, idara utapewa. Ukishindwa, Nyati ataingia."

Pimbi akaondoka, akashika njia ya kwa Kifaru. Jambo moja alilijua: majitu yale hayakukubali kushindwa kwa lolote.

"Shikamoo, Mzee Kifaru."

"Marahaba. Sema upesi."

"Huko sokoni wanabishana. Wanasema kwa nguvu mko sawa, ila kwa kusikiliza Tembo atakushinda. Masikio yake ni kama nyungo."

Kifaru akapumua, fuuu. "Masikio si ukubwa. Mwite hapa."

Pimbi huyo, mbio kwa Tembo. "Shikamoo, Mzee Tembo. Wanasema Kifaru ni hodari wa kusikiliza kuliko wewe. Macho yake hayaoni mbali, kwa hiyo masikio ndiyo yanayofanya kazi yote."

"Yule?" Tembo akasema. "Twende."

Wanyama wakajaa kando ya bwawa, Simba na Nyati wakiwamo. Pimbi akapanda juu ya jiwe. "Mmoja ataeleza kwa nini analitaka bwawa. Mwenzake atanyamaza, kisha atayarudia yote. Atakayekatiza au kusahau, kashindwa."

Kifaru akaanza. Mwanawe alikuwa ameota vidonda vya kupe mwili mzima, usiku halali kwa kulia, na tope la bwawa lile tu ndilo lililomtuliza. Tembo aliuma ulimi asimkatize. Zamu yake ilipofika, akarudia: "Mtoto ana vidonda. Hapati usingizi. Analia..." Sauti ikamshuka. "Mbona hukuniambia?"

"Ulinipa nafasi lini?" Kifaru akajibu.

Kisha Tembo akaeleza habari za mama yake mzee, asiyeweza tena kutembea hadi mtoni. Anapokunywa maji yaliyotibuliwa, humpalia. Kifaru akayarudia yote, asiache neno, halafu akainamisha kichwa.

"Mama aje asubuhi, maji yakiwa yametulia," akasema. "Sisi tutagaagaa jua likishapanda."

"Na mwanao nitamwogesha mwenyewe kwa mkonga wangu," Tembo akasema.

Nyati hakuridhika. "Sasa nani kashinda?"

"Unamwona aliyeshindwa?" Pimbi akamuuliza.

Tembo na Kifaru wakatazamana. "Huyu bibi katuchezea," Kifaru akasema.

"Katuchezea vizuri," Tembo akajibu, na wote wawili wakaangua kicheko kilichorusha ndege mitini.

Papo hapo Simba akasimama, akatangaza Idara ya Amani, mkuu wake Bi Pimbi. Nusu ya chakula cha Idara ya Vita ikahamishiwa kwake, na Nyati na askari wake wakaamriwa kuzijenga upya nyumba zote zilizovunjwa. Vigelegele vikapaa, na Pimbi akabebwa juu ya mkonga hadi kwa mwanawe, akampa habari ile kwa kinywa chake mwenyewe.

Nami nimefika nilikokuwa nikienda, wanangu, na funzo ni hili: ugomvi uliozishinda pembe, masikio huumaliza.