Nani Aushike Mti wa Ndiva?

Sogeeni karibu, na mwenye jibu la haraka alishikilie kwanza mpaka nimalize. Hadithi yangu ina watu watatu na kitu kimoja, na kitu hicho hakikatiki vipande.

Wa kwanza ni Nakijwa, ambaye nyayo zake zilisikia kuliko masikio ya wengine. Wa pili ni Zefania, binamu yake, mwenye pumzi ya kupuliza tarumbeta mpaka watu wa bonde la pili wasimame. Wa tatu ni Niwaeli, aliyeolewa na kaka yake Nakijwa. Huyu aliona wema unaofanywa kimyakimya, na akishauona hausahau.

Wote watatu walikuwa watoto wa mkono mmoja, mkono wa Babu Elieza. Hata Niwaeli, aliyeingia nyumbani mle akiwa bibi harusi, alisema Babu ndiye aliyemmalizia kumlea.

Babu Elieza alikuwa mlinzi wa ndiva huko milimani Upare. Asiyeijua ndiva nimweleze. Ni bwawa la udongo na mawe, wazee wa zamani walilichimba mgongoni mwa mlima. Usiku hukusanya maji ya mfereji, asubuhi hufunguliwa yateremke mashambani, leo zamu ya hawa, kesho zamu ya wale. Chini kabisa pana tundu, na tundu limezibwa kwa mti mrefu. Anayeuvuta mti ule ni mtu mmoja tu. Ndiye hupanga zamu, ndiye huamua kesi ya mwizi wa maji, ndiye huwaita watu kwenye msaragambo, yaani kazi ya pamoja ya kutengeneza mfereji.

Babu aliuvuta mti ule miaka arobaini na sita. Kila asubuhi aliweka kiganja juu yake akasema, "Bwana, maji ni yako, mimi nafungua tu." Ndipo akavuta. Jumapili pia alivuta. Mzee mmoja wa kanisa akamkemea:

"Elieza, siku ya Bwana unafanya kazi?"

"Maharage hayana kalenda, mzee," Babu akajibu. "Siku ukiyafundisha Jumapili, nitapumzika."

Kisha akaingia ibadani na tope miguuni, akakaa benchi la mbele na tarumbeta yake. Bibi alipofariki, ndugu walimwambia aoe mwingine wa kumpikia. Akakataa. Akajifunza kupika makande mwenyewe, yakaungua mwezi mzima, na wajukuu wakayala wakisema matamu. Ndivyo alivyokuwa. Ukimsukuma, anakuwa mzito zaidi.

Juma alilozikwa, ndiva ikaanza kuvuja. Maji yaliingia usiku, asubuhi ndani mna tope tu. Majani ya mahindi yakaanza kujikunja. Mwenyekiti wa kijiji akaitisha mkutano.

"Mzee amekwenda na ndiva yake," akasema. "Yupo mtu anataka kujenga nyumba ya wageni pale. Mandhari ni nzuri. Arobaini ya mzee ikifika na ndiva haijashika maji, kiwanja nakitoa."

"Na mashamba tutayanywesha mandhari?" Nakijwa akauliza.

Watu wakacheka. Mwenyekiti hakucheka.

Wazee wakanong'onezana, kisha mmoja wao akasimama. "Iandikwe hivi. Atakayeiponya ndiva, huyo ndiye atakayeushika mti." Wote wakainua mikono, ikaandikwa.

Sasa tazameni walichofanya.

Nakijwa alikuwa ameona wanaume wakiziba ukuta mara mbili, na maji bado yakipotea. Tangu akiwa na miaka saba alikuwa akikaa ukingoni akimtazama Babu anavyotembea peku kwenye tope la ndiva, hatua kwa hatua, macho kayafumba. "Maji yanayotoroka yana ubaridi wake," Babu alimwambia. "Usiyatafute kwa macho." Lakini ilikuwa mwiko mwanamke kuingia ndani ya ndiva. Babu mwenyewe hakuuvunja mwiko huo, hakuwahi kumwita ashuke.

Nakijwa akavua ndala, akafunga kanga kiunoni, akashuka.

"Wee binti! Toka humo!" mzee mmoja akapiga kelele. "Utayafukuza maji!"

"Yameshakwenda, baba. Mimi nayafuata nijue yamepita wapi."

Akatembea kuanzia asubuhi mpaka jua likawa utosini. Wengine walimzomea. Mke wa mzee yuleyule aliyepiga kelele akamletea kikombe cha uji, akakiweka ukingoni bila neno. Karibu na ukuta wa chini, Nakijwa akasimama. Akapiga magoti, akazamisha mkono mpaka begani. Mzizi wa mti uliokatwa zamani ulikuwa umeoza, ukaacha njia ya maji inayopita chini ya ukuta wote.

"Hapa," akasema. "Ukuta mnausingizia."

Basi tundu la kuvujia likajulikana. Lakini ili kulifikia ilibidi kuchimba upana wa nyumba nzima, na siku zilibaki nne. Kazi hiyo ilitaka watu mia, na Mwenyekiti alikuwa amepita nyumba hadi nyumba akisema atakayekwenda kule asije kwake kutafuta muhuri.

Zefania akaichukua tarumbeta ya Babu, akapanda kwenye jiwe. Huko kwao msaragambo huitwa kwa wimbo wake wa kanisani, wa haraka haraka, na msiba huitwa kwa wimbo mwingine, wa polepole. Zefania alikuwa hajagusa tarumbeta tangu mazishi. Akafumba macho, akapuliza, na vidole vikaenda vyenyewe kule vilikotoka. Alipogundua, alikuwa katikati ya ubeti wa pili wa wimbo wa msiba.

Msaragambo mtu anaweza kuukwepa. Msiba hakuna anayeukwepa. Wakaja kutoka pande zote, waliomwogopa Mwenyekiti na wasiomwogopa, wamevaa nguo za heshima, wanawake na kuni kichwani na unga kwenye ndoo, kwaya na majoho yao.

"Kafa nani?" wakauliza wakihema.

Zefania akafuta mdomo. "Hajafa mtu. Vidole vimekosea."

"Vimekosea! Mimi nimeacha chungu motoni!"

"Mimi nimelia njia nzima!" mama mmoja akasema. "Machozi yangu nani atanirudishia, wewe?"

Wapo waliogeuka waondoke. Zefania angeweza kuomba radhi akashuka. Hakushuka.

"Mama, usiyafute," akasema. "Yupo anayekufa, ni huyu hapa chini yenu. Mmekuja na kuni, mmekuja na unga, mmekuja wote. Mkiondoka sasa, mkirudi mtakuta nyumba ya wageni, na mtabisha hodi kwenye maji yenu wenyewe."

Mwalimu wa kwaya akavua joho, akalikunja vizuri, akaliweka juu ya jiwe. "Jembe liko wapi?" akauliza. Wakashuka mia na zaidi, na viatu vya kanisani vikapangwa ukingoni kama mlangoni mwa msikiti. Ule unga wa msiba ukapikwa ugali wa wachimbaji. Nawataja waliopika, maana hao ndio husahauliwa kila mara.

Siku mbili wakachimba, tundu likawa wazi. Sasa ukatakiwa udongo wa mfinyanzi, ule mzito unaonata, na huo ulipatikana shamba moja tu, la Mzee Mrindoko. Huyu na Babu hawakusalimiana miaka kumi na moja, tangu Babu alipomtoza mbuzi kwa kuiba maji ya zamu ya mjane. Hata kwenye mazishi hakuja. Vijana walipokwenda kuomba udongo, aliwajibu, "Udongo wangu ni wa vyungu. Si wa kuzibia kiburi cha Elieza."

Niwaeli akamfunga mtoto mgongoni, akaenda peke yake.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Kama ni udongo, rudi."

"Nimekuja na swali tu. Mwaka ule mama alipolazwa, nawe ukakaa naye hospitali miezi miwili, maharage yako nani aliyanywesha?"

"Mwanangu."

"Mwanao alikuwa Tanga, baba."

Mzee Mrindoko akamtazama.

"Kila Alhamisi, zamu yako, Babu alikuja hapa na fimbo, mimi nimemshika mkono. Alipitisha maji kwenye kila tuta lako. Tuta hili, na hili, na lile la mwisho linalosumbua. Akaniapisha nisikwambie kamwe. Akasema utaona haya bure, na una mgonjwa."

Mzee akakaa juu ya kinu kilichopinduliwa. Mtoto akacheua mgongoni, Niwaeli akampapasa.

"Umeapishwa," mzee akasema mwishowe, "na umesema."

"Nimesema. Mungu akiniuliza nitamjibu. Nikikutana na Babu nitamjibu. Lakini watoto wapate kula kwanza."

Mzee Mrindoko akaingia ndani, akatoka na debe, akalijaza udongo kwa mikono yake, akalipandisha begani. Ana miaka sabini na miwili. Waliokuwa kwenye ndiva walipomwona anateremka na debe, wakampisha njia.

Tundu likazibwa, udongo ukashindiliwa kwa miguu ya wakubwa na wadogo. Asubuhi ya siku ya arobaini ndiva ilikuwa imejaa mpaka mdomoni, imetulia, inang'aa. Hakuna aliyethubutu kuugusa mti. Maji yakaanza kumwagika juu ya ukingo, na mashamba chini yamekauka.

Mwenyekiti akaja na karatasi. "Haya, imeshika. Mlinzi nani? Nataka jina moja, muhuri unaandikwa jina moja. Ikifika saa sita halijapatikana, namweka mtu wangu."

Wazee wakageukiana.

"Nakijwa," mmoja akasema. "Bila yeye tungekuwa bado tunabembeleza ukuta."

"Amevunja mwiko wa ndiva! Tumpe ndiva?"

"Basi Zefania. Nakijwa angechimba na kidole?"

"Zefania kakosea! Mtu akijikwaa akaokota kitu, tumsifu kwa kujikwaa? Niwaeli, basi. Bila udongo lile lingekuwa shimo tu."

"Niwaeli si damu yake. Na amevunja kiapo cha marehemu. Kesho atatunza siri ya nani?"

Wakatazamwa wale watatu wenyewe. Mlitegemea kila mmoja aseme mpeni mwenzangu? Hawakusema hivyo.

"Nautaka," Nakijwa akasema. "Sitajifanya siutaki. Kazi ya Babu ni mimi niliyeijua. Mwiko uliokuwa unatuua, nimeuvunja na ningeuvunja tena."

"Na mimi nautaka," akasema Zefania. "Babu hakuuvuta mti bila kumwita Mungu kwanza, na hakuchimba peke yake hata siku moja. Mimi ndiye niliyewaita watu. Kama vidole vilikosea, niliposimama mbele yao mdomo haukukosea."

Niwaeli akamhamisha mtoto kutoka mgongoni hadi kifuani. "Nautaka, wifi. Nautaka, shemeji. Mnasema mimi si damu. Miaka miwili Babu alipokuwa hawezi kunyanyuka bila kushikwa, damu yake ilikuja kusalimia ikaondoka. Mimi nilimwogesha. Anayegawa maji anagawa kati ya watu wanaochukiana, na mimi ndiye niliyemleta aliyetuchukia."

Saa tano na nusu. Maji yanamwagika, Mwenyekiti amefungua kalamu.

Sasa ninyi mnaonisikiliza, msiniambie wapokezane. Mwenyekiti amekataa majina matatu, na huyo mtu wake yupo pale, ameegemea pikipiki, anangoja. Msiniambie wapige kura ya vijiti, maana Babu Elieza hakuviachia vijiti hata mara moja neno la nani apate maji. Na msinyamaze, maana anayenyamaza hapa amemchagua yule wa pikipiki.

Taja jina moja. Kisha wageukie wale wawili, uwatazame usoni, uwaambie kwa nini si wao. Haya, wewe unayetikisa kichwa, tuanze na wewe: mti huu unamkabidhi nani?