Mtaro wa Nane

Jamani, hii isomeni taratibu, hasa ninyi mnaopenda kusaini kabla ya kwenda kuona. Ikikugusa usininunie, mtumie na mwenzako.

Katika mji mmoja mdogo kulikuwa na soko liitwalo Kiwambo. Lilifagiliwa na wanawake kumi na mmoja, vibarua wa halmashauri kwa miaka tisa. Kiongozi wao aliitwa Bi Sikudhani. Siku moja likabandikwa tangazo: vibarua basi, usafi wa soko sasa unatolewa kwa zabuni, na mshindi ataleta watu wake.

"Tumekwisha," wenzake wakasema.

"Nani kasema?" akajibu Bi Sikudhani. "Kikundi chetu si kimesajiliwa? Na sisi tunaomba!"

Akachukua kabrasha la zabuni, akasoma mpaka mahali palipoandikwa: mitaro ya kusafisha, saba. Akashtuka. Mitaro ya Kiwambo ilikuwa minane! Wa nane ulipita nyuma ya mabanda ya samaki, umefunikwa kwa mabamba ya zege. Wafagiaji waliuita Mkwe, kwa kuwa kila mtu aliupita kwa mbali na kwa adabu. Ukiziba huo, masika maji huingia mpaka kwenye magunia ya mchele.

Akakata saba, akaandika nane.

Karani wa halmashauri, Tumsifu, alipopokea fomu, akamvuta pembeni. "Shangazi, utajiponza. Waombaji wengine wote wameandika saba. Ukitofautiana na kabrasha wanakutupa nje."

"Mwanangu, nikiandika saba, Mkwe atasafishwa na nani?"

Alisema hivyo, lakini njia nzima alijilaumu. Familia kumi na moja zinakula kwa fagio lile, naye kaziweka rehani kwa tarakimu moja.

Siku ya kufungua zabuni ukumbi ulijaa. Bwana Fulgence wa kampuni kubwa alikuja na suti yake na kabrasha lenye picha za rangi. Mwenyekiti wa kamati aliposoma fomu ya Bi Sikudhani, akakunja uso.

"Nane?"

"Huyu mama hata kunakili hajui," Bwana Fulgence akasema, na watu wakacheka.

Bi Sikudhani aliona machozi ya hasira yanamjia, akayameza. Mwenyekiti alikwishainua kalamu amkate.

"Subiri," akasema mkurugenzi wa halmashauri. "Bwana Fulgence, umesaini kwamba umelikagua soko?"

"Hatua kwa hatua, mheshimiwa."

"Vizuri. Soko liko hapo chini tu. Hebu tupeleke kwenye mtaro wa kwanza."

Loo! Wakatoka wote, kamati na watazamaji. Langoni Bwana Fulgence akaweka tai sawa, akatazama kulia, akatazama kushoto, kisha akakata kona kwa kujiamini kabisa. Msafara mzima ukamfuata mpaka kwenye choo cha wanawake.

Akageuka, jasho likimtoka, akamwinamia muuza nyanya. "Samahani dada, mitaro iko wapi?"

"Umesimama juu yake, baba."

Soko lilicheka mpaka wachuuzi wa mlango wa pili wakaja kuuliza kulikoni.

"Bi Sikudhani," mkurugenzi akaita, "tupeleke wewe."

Akawapeleka. Wa kwanza, wa pili, mpaka wa saba. Kisha akazunguka nyuma ya mabanda ya samaki, akapachika mtaimbo, akainua bamba la zege. Harufu ikatoka. Mwenyekiti akarudi nyuma hatua tatu.

"Huyu ndiye Mkwe," akasema Bi Sikudhani. "Msimkimbie, msalimieni."

Mkurugenzi alichungulia ndani. "Ofisi yangu imekosea," akasema mbele ya wote. "Tulinakili kabrasha la zamani bila kunyanyuka vitini. Aliyefika sokoni kati yenu ni mmoja tu, na kazi ni yake."

Vigelegele vilipasuka! Wafagiaji wakambeba Bi Sikudhani juu juu na ndala yake moja ikabaki kwenye matope. Masika ya mwaka ule yalinyesha kweli kweli, na hakuna gunia la mchele lililolowa.

Funzo: Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake, kwa hiyo ulichokiona kwa macho yako usikifute eti kwa kuwa wengi wamesaini kinyume.