Redio Husifiwa na Aliye Mbali

"Redio husifiwa na aliye mbali." Bibi Qabale alilitamka neno hilo siku watu wa Elgade walipokuwa wakishangilia bomba jipya la maji, ilhali bomba lenyewe lilikuwa limejaza ndoo mbili tu, na wa mwisho kwenye foleni bado hajachota. Vijana waliomsikia wakacheka. Redio na bomba, wapi na wapi? Wakamfuata hadi kwake wakaketi mkekani. Bibi hakuwa mtu wa kuharakishwa. Alimimina chai, akaonja, akaongeza sukari, ndipo akasema, "Haya, mnaocheka, sikilizeni neno hili lilikotoka."

Zamani kidogo, kabla ya simu za mkononi kufika upande huu wa jangwa la chumvi la Chalbi, zahanati ya Elgade ilipata gari lake la kwanza, Landkruza nyeupe. Dereva alikuwa Elema, kijana mchapakazi, lakini kwa gari lile alikuwa amepagawa. Miezi mitatu ilipita na viti bado vina nailoni ya dukani. Mgonjwa akiingia na vumbi miguuni, Elema alimkung'uta kwanza, kisha akamuuliza anaumwa wapi.

Redio ya kuita msaada ilipohitajika, aliletwa Fundi Musyoka kutoka Isiolo. Alikuja na redio mbili. Ya kwanza ilikuwa sanduku jeusi lisilo na sura, limekwaruzwa pembeni. Ya pili ilikuwa na taa za kijani na spika inayonguruma.

"Chukueni hii nyeusi," alisema fundi. "Ile nyingine inasikia vizuri, lakini sauti yake yenyewe haifiki mbali."

Elema aliwasha ile ya taa. Sauti ya mtu wa Marsabit ikajaa ndani ya gari, safi kabisa. "Fundi, unaisikia hii? Mimi nataka hii."

Kwa kuwa dereva ndiye atakayeitumia, wakubwa wa zahanati wakamwachia achague.

Ikaja shughuli ya kufunga antena. Fundi alianza kupanda juu ya gari na keekee yake ya kutobolea bati. Elema akamshika mguu.

"Unataka kufanya nini?"

"Kutoboa paa. Antena inakaa juu, mahali pa wazi."

"Gari mpya utoboe paa? Fundi, hapana. Funga kwenye bampa, pana tundu tayari."

"Kwenye bampa iko chini, na boneti itaiziba. Itasikika hapa uani, lakini huko mbali sijui."

"Funga hapo hapo tu, fundi wangu."

Musyoka alifunga hapo hapo. Alipomaliza aliomba jambo moja: gari liende hadi ng'ambo ya Chalbi, lijaribiwe kutoka huko. Hilo nalo halikuwezekana, kwa sababu mbuzi wa kumshukuru fundi alikuwa ameshaiva, na huku kwetu nyama ya mgeni haiachwi ikapoa. Basi wakajaribu pale pale uani. Elema aliita akiwa garini, na Tume, mtunza redio wa zahanati, akajibu kutoka chumbani kwake, hatua thelathini tu. Wangefungua dirisha wangesikizana bila redio. Lakini watu walipiga vigelegele, kila mzee akataka kusema neno, na Tume akatoka nje akitangaza kwamba redio ni safi kama kengele. Fundi alikula nyama yake akaondoka.

Wiki ya tatu, Elema na muuguzi Darare walikwenda ng'ambo ya Chalbi kumchukua Gumato, mama aliyekuwa na uchungu wa mtoto wake wa nne tangu jana yake, na mtoto hashuki. Walipokuwa njiani kurudi, maji ya mvua iliyonyesha milimani yalikuwa yameshapenya chini ya ile chumvi. Juu palionekana pakavu. Saa nane mchana magurudumu ya nyuma yakazama hadi kwenye ekseli, na kila Elema alipokanyaga mafuta, gari lilizidi kukaa.

Hakuogopa mwanzoni. Kule Elgade kulikuwa na lori la maji lenye waya wa kuvutia. Akachukua kipaza sauti akaita. "Elgade, Elgade, hapa ni gari. Tumekwama Chalbi. Leteni lori. Ova."

Hakujibiwa. Akaita tena na tena. Kisha spika ikanguruma, na sauti ya Tume ikatoka karibu kana kwamba amekaa kiti cha pili.

"Gari, gari, hapa Elgade. Mko wapi? Ova."

Elema aliruka kwa furaha. "Chalbi! Tumekwama Chalbi!"

"Gari, gari, hapa Elgade. Kama mnanisikia, jibuni."

Hapo ndipo Elema alipoelewa. Alikuwa anasikia, lakini hasikiki. Akapaza sauti, kama mtu anayemwita mwenzake bondeni, akarudia mpaka koo likakauka. Nyuma, Gumato aliguna, meno yakiwa yameuma shuka. Darare alikuwa amepiga magoti kwenye ile nailoni, na damu ilikuwa inateleza juu yake.

"Elema, mama huyu hawezi kungoja," Darare alisema. "Umewapata?"

"Wananiita."

"Nimeuliza, umewapata?"

Elema akashuka. Akachimba kwa koleo, akaweka mawe, gari likazama zaidi. Kila nusu saa Tume aliita, na kila alipoita Elema alikimbilia redio akijua kwamba atasema bure, na bado akasema. Saa kumi na moja unusu alimsikia Tume akimwambia mtu aliyekuwa naye chumbani, kidole chake kikiwa bado kwenye kitufe: "Watakuwa wamelala huko huko. Redio yao ni mpya, tena nzuri. Wangekuwa na shida tungewasikia. Saa kumi na mbili nafunga."

Elema alitamani kulia, na alilia. Darare hakumbembeleza.

"Yule fundi alisema antena ikae wapi?"

"Juu."

"Sasa unangoja nini?"

Elema akachukua spana, akaifungua antena kwenye bampa. Waya wake ulikuwa mrefu, umekunjwa nyuma ya kiti. Akaukunjua, akaupitisha dirishani, akapanda juu ya paa ambalo hakuna aliyewahi kuruhusiwa kulikanyaga. Akaifunga antena kwenye keria ya mizigo, chuma kwa chuma, nati ikimponyoka mara mbili. Akashuka. Zilibaki dakika saba.

"Elgade, Elgade. Tumekwama Chalbi."

Kimya. Akarudia. Kimya tena. Mara ya tatu redio ikakwaruza.

"Nani huyo? Elema, ni wewe? Nakusikia kwa mbali sana. Rudia."

"Chalbi," Elema alisema polepole, neno moja moja. "Lori. Mama. Damu."

"Chalbi. Lori. Nimekupata. Linatoka sasa hivi."

Lori lilifika, likawavuta, Gumato akafikishwa zahanati akiwa hai. Mtoto hakuwa hai. Daktari aliyemwona baadaye alisema maneno mafupi tu, kwamba zile saa zaidi ya nne za pale chumvini zilikuwa nyingi mno. Elema aliyasikia akiwa mlangoni.

Mwezi uliofuata Fundi Musyoka aliitwa tena. Safari hii alikuja na lile sanduku jeusi, na Elema mwenyewe ndiye aliyeshika keekee akatoboa paa. Walipomaliza, Tume aliita kutoka chumbani, Elema akajibu kutoka uani, sauti ikasikika safi. Watu, kwa mazoea yao, wakaanza vigelegele.

"Nyamazeni!"

Alikuwa Gumato. Alikuwa amesimama langoni, mikono mitupu, kitambaa cha msiba bado kichwani.

"Hata ile ya kwanza mliisifu hapa hapa," alisema. "Mimi ndiye niliyekuwa mbali. Elema, peleka gari pale tulipokaa siku ile, uite kutoka pale. Redio husifiwa na aliye mbali."

Elema akawasha gari, akaenda.